Mama wa Ziwa Alinikana Mbele ya Watu

Mimi ni mwanamke wa miaka arubaini na tano, mjane, nina mtoto mmoja wa kike, na naishi Nizwa. Niiteni Salma. Wazee wangu walitoka Unguja, na Kiswahili ndicho nilicholelewa nacho ndani ya nyumba, ijapokuwa mlango ukifunguliwa tu ni Kiarabu kitupu. Haya nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiarabu siyawezi. Nikiyasema kwa Kiarabu nakuwa kama mtu anayetoa taarifa kituoni. Kwa Kiswahili nalia, na mimi nataka mjue kwamba nimelia.

Wengine watasema nimejianika. Na waseme! Waliokuwa na la kusema juu yangu wameshalisema, sina nilichobakisha cha kuficha.

Nilipozaliwa, mama yangu, Mungu amrehemu, alishikwa na homa ya uzazi. Akapelekwa hospitali Maskati akiwa hajitambui, na huko akalazwa siku arubaini. Mimi nilibaki Nizwa, kichanga cha siku tatu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Zuwena, mtu wa Unguja kama sisi, naye kajifungua mwezi mmoja kabla, mtoto wa kiume, Saidi. Bi Zuwena akanichukua. Ziwa la kulia likawa la Saidi, la kushoto langu. Siku arubaini zote!

Haya sikuyaota. Nimehadithiwa na mama yangu, na nimehadithiwa na Bi Zuwena mwenyewe mara zisizo idadi, mbele ya wageni, huku akinifinya shavu. Alikuwa akisema mimi ndiye niliyekuwa mroho, nikishamaliza langu namlilia mwenzangu lake. Watu wanacheka, mimi naona haya. Nikimwita Mama. Sikukuu nikipata nguo kwetu, na kwake napata.

Mnaijua sheria ya dini yetu. Mwanamke akikunyonyesha, huyo ni mama yako, na watoto wake ni ndugu zako. Hamuoani maisha. Na kwa sababu hamuoani, mnaweza kukaa pamoja, mkasafiri pamoja, kichwa wazi, na hapana mtu wa kukuulizeni. Basi mimi, mtoto wa pekee kwetu, nilikua nikijua nina ndugu. Sikuwahi kujifunika mbele ya Saidi hata siku moja. Nilipoolewa, yeye ndiye aliyenifungulia mlango wa gari. Nilipofiwa na mume wangu, yeye ndiye aliyeniletea chakula eda nzima.

Mume wangu aliniachia mtoto, Rahma, na gari kubwa ya fowili, ile inayovuta magurudumu yote manne. Gari hiyo ndiyo iliyonipa riziki, na gari hiyo ndiyo iliyoniponza.

Anayeishi huku anajua. Jabal Akhdar hupandi na gari ndogo. Chini pale Birkat al Mauz polisi wameweka kizuizi, kila gari wanaitazama, kama si fowili unarudishwa ulikotoka. Kwa hiyo mgeni akitua Maskati, teksi ya uwanjani haimfikishi hotelini. Na wageni wanaupenda ule mlima, jamani! Waarabu wa Ghuba wanaukimbilia ubaridi, Wazungu wanayakimbilia mawaridi na yale makorongo.

Meneja wa hoteli moja kule juu, ambayo jina lake silitaji, alikuwa Mzungu aliyefanya kazi miaka mingi katika mahoteli ya milima ya theluji, huko watu wanakokwenda kuteleza na mbao miguuni. Akaja na mpango wa kwao. Mgeni anachagua mwenyewe. Akitaka, anapanda gari ya shirika, yaani anachanganywa na wageni wengine, wanasubiriana mpaka ndege zao zote zitue. Au anachukua gari ya peke yake, anatoka tu mlangoni anakuta mtu kasimama na kibao chenye jina lake, wanaondoka.

Habari hii aliniletea Saidi. Alikuwa hana kazi wakati ule, na mkewe alikuwa keshaachana naye. Akanambia yeye ana leseni na mlima anaujua, mimi nina gari na lugha tatu, na familia za Ghuba zinakuja na wake na mama zao, zinapenda kupokewa na mwanamke. Nikaona akili kubwa. Ami yangu Hamad, mdogo wa marehemu baba, anayekaa Ibra, ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha. Nikamuuliza. Akasema kama ni pamoja na Saidi hana neno, kwani Saidi si nduguyo?

Tukaanza. Yeye kashika usukani, mimi nimeshika kibao.

Miaka sita! Tukishawashusha wageni hotelini tunateremka gari tupu, sisi wawili tu, saa mbili na zaidi mpaka uwanjani. Mimi nikivua shela nikaiweka kwenye dashibodi, nikanyoosha miguu. Kukiwa msimu wa makomamanga nanunua kule juu, namenya njiani, namtilia Saidi punje kiganjani huku yeye anaendesha. Tunapiga soga za utotoni. Askari wa kizuizini walitujua, wakitupungia mkono. Nani angedhani kwamba kila punje niliyomtilia mkononi ingekuja kuhesabiwa dhambi yangu?

Kazi ikakua. Nikajifunza kuendesha mlimani mwenyewe, tukaongeza gari ya pili. Hapo meneja akatugawa. Wageni wa peke yao akanipa mimi, kwa sababu wanawake walikuwa wakiniuliza kwa jina. Saidi akapewa gari ya shirika.

Kazi ya shirika ni adhabu, siwaongopeeni. Mmoja ndege yake imetua asubuhi, mwengine adhuhuri. Wa kwanza keshanuna kwa kusubiri, wa pili anataka kusimama Birkat al Mauz apige picha magofu, mtoto anatapika kwenye kona za mlima, na lawama zote ni za dereva. Siku moja tulikutana pale mlango wa kuwasili, mimi nimepokea mama na mabinti zake wanakuja wananukia udi, yeye anahesabu vichwa, kimoja kimepotea. Akanitazama, akanambia:

"Wewe unabeba watu, Salma. Mimi nabeba mzigo."

Nikacheka. Nilidhani mzaha... Laiti ningelitazama uso wake vizuri.

Haikupita muda, meneja akaniita. Akasema msimu wa mawaridi ukianza, kazi yote ya kuchukua wageni, ya shirika na ya peke yao, wataiandika kwa jina langu, na Saidi atakuwa chini yangu. Nilimwambia Saidi mwenyewe, nikijua atafurahi, kwani changu si chake? Akanipa mkono. Akasema hongera. Kisha akaenda kuifuta gari yake, akaifuta kioo kimoja muda mrefu sana.

Wakati huo huo mwanangu Rahma alikuwa kaposwa. Kijana anasomesha skuli hapa Nizwa, kwao Bahla, watu wa heshima zao, Waarabu wa asili wasiojua neno la Kiswahili. Mama wa kijana akinipigia simu kila siku ya pili kuniuliza rangi za mapazia. Harusi ilipangwa baada ya sikukuu. Yarabi, nilikuwa na raha! Nikijiona nimekilea kitoto cha yatima mpaka kimefika.

Ijumaa moja, baada ya sala, Ami Hamad akanipigia kutoka Ibra. Sauti yake nzito. Akanambia Saidi alikuwa kwake, kaja kuposa. Nikauliza, kaja kumposa nani huko Ibra?

Akasema, wewe.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ami hakucheka. Akanieleza kwamba Saidi kamwambia kile kisa cha kunyonya ni hadithi tu za wanawake, hakikuwa, na kwamba kamuuliza mama yake naye kamwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi kwake ni mwanamke wa kando, na yeye kwa kuwa ni muungwana, baada ya kusafiri na mimi miaka yote hiyo, ameona bora anioe tusitiriane.

Nikamwambia Ami asubiri, lazima kuna kosa.

Kesho yake nilikuwa na mgeni wa asubuhi. Nikamkuta Saidi pale pale tunaposimama siku zote, watu wamejaa, sote wawili vibao mikononi. Nikamuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kachezewa na shetani gani. Hakunitazama. Macho yake yalikuwa mlangoni wanakotokea wageni. Akajibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake:

"Ukikubali, watu watasema nimekusitiri, na kazi itakuwa yetu sote. Ukikataa, watauliza miaka sita tulikuwa tunafanya nini njiani."

Nikamwambia, "Saidi, wewe ni ndugu yangu."

Akasema, "Mlete shahidi."

Mlango ukafunguka, mgeni wangu akatoka, akaliona jina lake, akanichekea. Na mimi nikamchekea. Nikampokea begi lake, nikampandisha mlimani, nikamwonesha mabustani ya Birkat al Mauz, nikamweleza habari za mawaridi. Sijui nilifikaje. Nilikuwa nikiziona zile kona kwa nyuma ya machozi.

Mwaona mtego nilivyotegewa? Nikimkubali, nimeolewa na ndugu yangu wa ziwa, haramu tupu, nitamjibu nini Mungu wangu? Nikimkataa, basi mimi ni yule mwanamke aliyepanda na kuteremka mlima na mwanamme asiye wake, shela kaivua, anamlisha makomamanga. Na huku nina binti wa kuoza!

Lakini sikuwa na hofu kubwa bado. Nilijiambia Bi Zuwena yupo. Bi Zuwena hawezi kunikana. Nilimwambia hata Ami, twende kwake tukamsikie kwa masikio yetu.

Habari ikawahi kufika Bahla kabla yetu. Nani aliyeipeleka, sina haja ya kuwaambieni. Mama wa kijana akasema na yeye atakuja asikie. Basi tukakusanyika alasiri moja ukumbini kwa Bi Zuwena, kwenye mazulia yale yale niliyotambaa utotoni. Ami Hamad, mama wa kijana na dada yake, Saidi kakaa karibu ya mlango, na mimi. Bi Zuwena alikuwa kavaa kanga zake mbili, ana harufu ile ile ya mafuta ya nazi. Nilimbusu mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

Ami akamuuliza kwa Kiarabu, ili wote wasikie. Huyu Salma ulimnyonyesha?

Akamtazama Saidi. Akazitazama kanga zake. Kisha akasema, kwa Kiarabu chake kile cha kuvunjika ambacho siku nyengine tulikuwa tukimcheka nacho:

"Sikumnyonyesha. Nilimpa maziwa ya kopo."

Hamtaamini, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hasira. Niliona haya. Niliona haya kwa ajili yake, nikainamisha kichwa. Kisha ndipo nilipopiga kelele. Nikamwambia kwa Kiswahili, Mama, si wewe uliyekuwa ukisema mimi mroho? Si wewe uliyekuwa ukiniambia la kushoto lilikuwa langu? Na wale Wabahla wananitazama tu, hawajui nasema nini, wanaona mwanamke anayepiga makelele nyumbani kwa watu. Bi Zuwena akasema, kwa Kiswahili, kwamba hayo yalikuwa maneno ya kufurahishia watoto. Hakuinua uso.

Mama wa kijana akainuka. Aliinuka kwa adabu, akaaga kwa adabu. Siku tatu baadaye akapiga simu kwa Ami, si kwangu, akasema hapakuwa na nasibu, yaani harusi imevunjika. Neno moja hilo tu.

Ami Hamad naye, mtu mwema wallahi, akanambia, mwanangu, maadam mama mtu kasema hakukunyonyesha, basi mkubali, maneno yafe. Nikamwambia afadhali nife mimi. Akasikitika. Akanitaka nisiendeshe kwa muda, nikae nyumbani mpaka watu wapate jengine la kusema. Nikamtii. Nilidhani utii wangu utaonekana. Kumbe nimemwachia Saidi njia nyeupe! Wageni wakitua hawanikuti, Saidi yupo. Gari ya shirika yupo, ya peke yake yupo, akileta na mwanamke mmoja wa kushika kibao. Wiki ya tatu meneja akaniandikia kwa heshima zote kwamba hoteli inahitaji mtu wa kutegemewa. Msimu wa mawaridi ulipoanza, jina lililoandikwa lilikuwa la Saidi.

Yote hayo ningeyabeba. Lakini Rahma...

Mwanangu alikaa chumbani kwake siku nyingi, hatoki, hali. Nikamwingia na kikombe cha chai, nikakaa pembeni ya kitanda. Alikuwa akizikunjua na kuzikunja nguo zake za sanduku la harusi. Akanambia, bila ya kulia:

"Mama, si ungemkubali tu? Hata mwezi mmoja."

Mtoto niliyemzaa! Anajua kila kitu, kamwita Saidi mjomba tangu anaanza kusema, na ananitaka niolewe naye ili yeye apate kuolewa. Nilimwona ni mtoto, kavunjika, hajui asemalo. Lakini neno lile liliingia, na baada ya mwezi alipohamia Maskati kwa kazi, tuliagana kama watu waliokutana safarini.

Nikiwa peke yangu nyumbani ndipo liliponijia jambo nililokuwa nimelisahau. Mama yangu, mwaka aliofariki, alinambia nimwite Ami, nimwite Bi Zuwena, tutafute na sheikh, ule unyonyaji utajwe mbele yao na uandikwe. Akasema wazee wanapukutika, na baba wa pande zote mbili wameshaondoka. Nikamjibu, Mama, nani asiyejua? Nikaona ni wasiwasi wa ugonjwa. Nikamfunika blanketi nikampa dawa zake. Hilo ndilo kosa langu, sina wa kumtwika. Mama yangu aliliona, mimi nikamfunika blanketi.

Ulipita mwaka na kitu. Bi Zuwena akaanza kuumwa, sukari, mguu ukaharibika. Siku moja asubuhi yule msichana wa Kitanga anayemtumikia akaja kugonga kwangu, akasema bibi ananitaka, na kwamba Saidi yuko uwanjani kafuata wageni. Nilitaka kukataa. Miguu ikaenda yenyewe.

Nilimkuta kakonda, kawa mdogo kitandani. Akamwambia yule msichana atoke, afunge mlango. Akanishika mkono, akauweka kifuani kwake, upande wa kushoto.

"Lilikuwa lako hili," akasema. "Siku arubaini. Nisamehe, mwanangu."

Nililia, jamani... Nililia kama kichanga. Nikambusu uso, mikono. Nikamwambia nimekusamehe Mama, nimekusamehe, sasa ngoja nimpigie Ami Hamad, umwambie hayo hayo, maneno matatu tu. Nikanyanyuka kutafuta simu.

Akaniachia mkono.

"Na Saidi wangu je, atakuwa nani mbele ya watu?"

Nikamwambia, na mimi? Mimi nimekuwa nani? Akanijibu kwamba mimi nina Mungu anayejua, Saidi hana kitu ila kazi ile. Kisha akageukia ukutani. Nikamsihi. Nikapiga magoti. Nikamwambia basi aandike, basi amwambie huyu msichana tu. Akafumba macho akaanza kuvuta uradi, na hakunijibu tena.

Mtaniuliza kwa nini sikumrikodi kwenye simu. Wote walionisikia wananiuliza hilo. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko mlangoni, na mimi nilikuwa nalia kifuani kwa mama yangu. Nani anayerikodi mama yake? Labda mwenye akili kunishinda.

Nilipotoka nilikuwa nimeshaurudisha moyoni ule msamaha niliompa. Niliuhisi kabisa unarudi.

Alifariki wiki ya pili. Nilikwenda matangani, nikakaa nyuma pamoja na majirani. Mtoto wa kike wa ziwa ana nafasi yake kwenye kumwosha mama, lakini mimi sikuitwa. Niliyasikia maji yakimiminwa ndani na watu wengine. Walipomaliza, bibi mmoja mkubwa akatoka, akasimama mlangoni, akatuomba kila aliyekosewa na marehemu amsamehe aende mwepesi. Ukumbi mzima ukajibu, tumemsamehe. Mmoja pembeni yangu akanigusa goti, akaniona sikufungua mdomo.

Sikusema. Na mpaka leo ninapoandika haya sijasema. Hili ndilo linaloniamsha alfajiri kabla ya adhana, si kazi, si harusi. Najua napaswa. Nakaa kwenye mswala, nafungua mdomo, namwona anageukia ukutani.

Sasa nafanya kazi kwa watu wengine, wenye mabasi madogo yanayopeleka wageni Nizwa na Sur na Wadi Bani Khalid. Nimekuwa dereva wa shirika mimi. Nasubiri ndege tatu, nahesabu vichwa, nasafisha matapishi. Saidi anapokea wa peke yao. Tunasimama mlango mmoja wa kuwasili kila asubuhi, na akiniona ananiamkia kwa mbali, kaweka mkono kifuani, kama anavyoamkiwa mke wa mtu asiyemjua. Na mimi najivuta shela mpaka kwenye paji la uso. Najifunika mbele ya mtu niliyenyonya naye ziwa moja!

Sikukuu iliyopita Rahma alikuja uwanjani, twende nyumbani pamoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba kuja kwetu tangu alipohama. Alinikuta nimesimama na kibao, Saidi yuko upande wa pili, watu wamejaa katikati. Akanibusu mkono. Kisha akamgeukia Saidi, akapaza sauti, akitaja kila neno sawasawa:

"Shikamoo, mjomba."

Saidi akajibu hapo hapo, bila ya kufikiri, kama alivyomjibu miaka ishirini:

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akashtuka. Kibao kikamwanguka. Akakiinamia, na alipoinuka hakututazama tena. Rahma akanishika mkono akaubana. Akanambia, nisamehe Mama, kwa lile neno. Nikamsamehe, hilo halikunishinda.

Nikaangaza pale pembeni, nikatafuta uso mmoja tu uliosikia. Palikuwa na Wazungu na mabegi yao, madereva wa Kihindi, Waarabu wanasubiri wazee wao kutoka umra. Ndugu yangu alikuwa amekiri ujomba wake mbele ya watu wote wale, na hapana mmoja aliyejua Kiswahili.

Basi nakuombeni, kina mama wenzangu. Kama mwanao alinyonya kwa jirani, au wewe umenyonyesha mtoto wa mwenzio, usiliache liwe hadithi ya kuchekea wageni. Waite watu, wanaume na wanawake, litajwe, liandikwe, wakati vifua vilivyonyonyesha bado viko hai na bado vinakupendeni. Msiseme nani asiyejua, kama nilivyosema mimi. Waliokuwa wakijua walikuwa wengi. Nilipowahitaji, alibaki mmoja, naye alikuwa mama yake Saidi kabla ya kuwa mama yangu.